SOMO LA MWEZI: MANENO TUNAYOYATUMIA VIKAONI

Safari hii tunataka kutazama jambo ambalo kwa kawaida hatulitazami kwa sababu limo midomoni mwetu kila siku, nayo ni maneno tunayosemeshana tunapokutana kama chama, kamati au halmashauri ya mtaa. Wengi hudhani kwamba neno ni mfuko tu wa kubebea maana, na kwamba ukibadilisha mfuko unga hubaki uleule. Historia ya mkoa wetu wa Ruvuma yaonyesha kuwa sivyo.

Tuanze na kijiji cha Litowa, upande wa Songea. Mnamo mwaka 1960 vijana wa TANU, Ntimbanjayo Millinga akiwa kiongozi wao, walikwenda kufyeka pori wakaanza kulima kwa pamoja. Baadaye vijiji vingine vilifuata mfano huo, vikaungana katika chama kilichojulikana kwa herufi RDA, na kufikia mwaka 1969 vilikuwa vipatavyo 17. Mshauri wao alikuwa Mwingereza, Ralph Ibbott, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi katika misheni ya Kianglikana ya St Faith's huko Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Walikuwa na shule yao, mashine ya kusaga na ya kupasua mbao. Lakini kitu kilichowashangaza wageni ni mkutano. Wanakijiji walikaa pamoja, wakapanga kazi ya shamba, wakaulizana juu ya fedha, na kiongozi naye akapangiwa jembe.

Basi kwa watu wa Litowa neno “ujamaa”, ambalo Mwalimu Nyerere alilieleza katika kijitabu chake cha mwaka 1962, lilikuwa na maana ya kikao hicho. Mtu akisema “sisi ni wajamaa” alikuwa akisema kwamba amehudhuria na amesikilizwa. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua RDA ivunjwe, na mali yake ikachukuliwa. Kisha mwaka 1973 ikatoka amri kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini. Neno lilikuwa lilelile, lakini sasa mtu akisikia “ujamaa” alifikiri kuhamishwa, lori, na nyumba aliyoiacha. Hata sheria ya mwaka 1975 ilibidi itaje vitu viwili mbalimbali katika jina lake, Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, kana kwamba watunga sheria wenyewe walitambua kuwa kuishi jirani si kuwa jamaa. Sisi twaona kwamba neno halikuharibiwa na maadui zake. Liliharibiwa na watu walioendelea kulitamka kwa sauti kubwa huku wameuondoa mkutano uliokuwa ndani yake.

Yupo mwalimu mmoja wa Oxford, J. L. Austin, ambaye mwaka 1955 alitoa mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, baada ya kufa kwake. Alifundisha kwamba maneno mengine hayaelezi jambo bali hulitenda. Wakristo hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hilo: Padre anaposema “nakubatiza” hatoi habari za ubatizo, anabatiza. Hali kadhalika mwenyekiti anaposema “kikao kimefunguliwa”, au karani anapoandika “imeamuliwa”.

Neno hili “imeamuliwa” lastahili kutazamwa kwa makini. Kiswahili chetu kina namna ya kusema kitendo bila mtenda: imeonekana, imepangwa, imeagizwa. Ni namna nzuri ya kutunza heshima, kwani hailazimishi kumtaja mzee aliyekosea mbele ya watoto wake. Lakini tazama linapoingia katika kitabu cha mihtasari. “Imeamuliwa kila nyumba itoe debe moja la mahindi.” Imeamuliwa na nani? Kama ni kikao, aliyekuwapo aweza kusema, “Mimi nilikuwapo, nilikubali.” Kama ni watu watatu waliobaki nyuma mvua ilipoanza kunyesha, hakuna awezaye kujua, wala hakuna wa kuulizwa mahindi yakichelewa. Katika “tumeamua” ndani yake mna watu. Katika “imeamuliwa” hamna mtu. (Hata “tu-” yenyewe ina hila zake. Yuko mwenyekiti asemaye “kesho tutalima” na wote wanajua jembe lake lina kutu.)

Namna ya kuitana nayo ina nguvu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 viongozi na wananchi walizoea kuitana “Ndugu”. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao katika kifungu cha 15 ulikataza kiongozi kuwa na majivuno na kuwaonea watu. Wafanyakazi viwandani waliyasoma maneno hayo wakayachukua kama yalivyoandikwa, na kati ya mwaka 1971 na 1973 migomo ikatokea mahali pengi kwa sababu ya mameneja waliowatukana. Karatasi ilikuwa imewapa jina la kuliita lile walilokuwa wakilivumilia kimya. Tangu miaka ya 1990 “Mheshimiwa” limerudi kwa nguvu, na sasa lasikika hata katika kamati za maji. Hatusemi heshima ni mbaya. Ila ni vigumu kumwuliza Mheshimiwa risiti iko wapi.

Na fedha je? Mkristo akitoa sadaka hadai hesabu, kwa sababu amempa Mungu. Akitoa mchango anatazamia kuona bati juu ya paa. Kwa hiyo kamati inayokusanya fedha za bati ikiziita sadaka, imejiondolea maswali bila kusema uongo wowote. Twawaomba watunza hazina walitafakari hili.

Huku milimani Wamatengo walikuwa na sengu, mahali ambapo wa ukoo mmoja walikula pamoja, wakaamua mashauri na kuwafunza vijana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walipofanya kazi katika kijiji cha Kindimba, miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000, kamati iliyosimamia mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji iliitwa Sengu. Kwa maoni yetu jina hilo lilifanya kazi ambayo neno “kamati” lisingeweza. Kamati ni ya waliochaguliwa. Kwenye sengu kila mtu wa nyumba anajua mahali pake pa kuketi.

Kule ziwani jambo huwa jingine. Kwa miaka mingi wazee wa Liuli na pwani yote walisali kwa Chinyanja, lugha ya vitabu vya misheni vilivyotoka Likoma, na Archdeacon Johnson, aliyezikwa Liuli mwaka 1928, ndiye aliyewatafsiria Biblia. Siku hizi ibada na mihtasari ni kwa Kiswahili, lakini mabishano ya kweli mara nyingi hufanyika kwa lugha ya nyumbani, Kimanda, Kimpoto au Kinyasa. Bibi anasema maneno ishirini ya uchungu juu ya kisima. Karani anaandika “suala la maji lilijadiliwa”. Katika kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine uchungu umebaki ng'ambo, na kikao kinachofuata hakitaukuta.

Kwa mazungumzo katika vikundi: leteni kitabu cha mihtasari cha mwaka uliopita, msome kurasa mbili kwa sauti, na kila mahali palipoandikwa “imeamuliwa” waliokuwapo waseme nani aliamua. Kisha aliyesema kwa lugha ya nyumbani aulizwe kama maneno yake yamo. Wenyeviti waliokalia kiti zaidi ya miaka kumi wazungumze juu ya neno “kung'atuka”, ambalo Mwalimu alilitoa katika Kizanaki na kulitumia alipoacha urais mwaka 1985.