Kuvumwani za Mahali pa Udhu: ya Fedha na ya Taji

Hapa Thongpiny, mvua zikishika, ukuta na saruji ya mahali tunapotawadhia huvaa zulia la kuvumwani, ile mimea midogo mno isiyo na maua wala mizizi ya kweli. Mwaka huu zulia lina rangi mbili, kijani na kijivu. Baadhi ya wenzetu wamesema ile ya kijivu ni kuvu, ni uchafu, na maji yanayopita hapo hayafai. Wapo wanaonunua maji ya kutawadhia, na wapo wanaokosa jamaa. Kwa pesa ya mwanafunzi wa Juba, si jambo dogo.

Nilizitazama kwa lenzi. Zote mbili ni Bryum. Ya kijivu ni Bryum argenteum, yaani "ya fedha", jina alilolichapisha Hedwig mwaka 1801. Sehemu ya juu ya jani lake haina klorofili, ndiyo maana ikikauka hung'aa. Ukijani umejificha chini. Majani yamelaliana kama vigae vya paa. Huota katika mabara yote, hata Antaktika! Ya kijani ni Bryum coronatum, "yenye taji", ya nchi za joto. Jani lake limechongoka, na mshipa wa kati hutokeza nje ya ncha kama mwiba. Vifuko vya spora vya zote mbili huning'inia kichwa chini, ila cha coronatum kina shingo iliyovimba, nene kuliko kifuko chenyewe. Tazama hapo, usiamue kwa rangi, kwani argenteum ikiota kivulini penye unyevu nayo huwa kijani. Kiangazi zote huonekana zimekufa. Zikipata maji huamka.

Sasa fiqhi. Mimea asili yake ni tohara, basi maji yanayoigusa hayanajisiki. Hata maji yakigeuka kwa tuhlub, yaani kijani kinachoota majini, Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H) anasema katika Minhaj kwamba haidhuru. Khalil, ambaye Mukhtasar yake ni tegemeo la Wamaliki, na Sudan ndio wengi, anahukumu vivyo hivyo kwa kinachozaliwa na maji yenyewe. Sababu iko wazi: ni vigumu kuyakinga.

Unabaki utelezi, na huo dawa yake ni brashi. Tusugue pale miguu inaposimama. Ya ukutani tuiache.