SOMO LA MAKATIBU NA WANACHAMA: Kuhamia Mfumo Huria wa Kompyuta

Kompyuta ya ofisi ya chama ni mali ya wanachama, kama zilivyo mizani na ghala. Hata hivyo, chama chaweza kuimiliki mashine bila kumiliki uamuzi juu ya maisha yake. Somo hili laeleza kwa nini watumiaji wa kawaida, wasio mafundi, wanahamia mfumo endeshi ulio huria.

1. Maana ya mfumo endeshi

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoanza kazi kompyuta inapowashwa, na ndiyo inayoziongoza programu nyingine zote. Unaojulikana sana maofisini ni Windows, wa kampuni ya Microsoft. Mnunuzi hupewa leseni ya kuutumia tu. Msimbo wake, yaani maandishi yaliyouunda, hubaki mikononi mwa kampuni.

Linux ni tofauti. Kiini chake kiliandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Tangu mwaka 1992 hutolewa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kukitumia, kukichunguza, kukirekebisha na kuwagawia wengine. Anayesambaza marekebisho yake hana budi kutoa na msimbo wake kwa masharti yale yale. Mwanaushirika ataielewa kanuni hii upesi: aliyechota katika ghala la pamoja asiwafungie wenzake mlango.

2. Sababu za kuhama

(a) Umri wa mashine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji kipya, hivyo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi rasmi. Katibu mwenye kompyuta nzima ya mwaka 2015 huambiwa, kwa hakika, anunue nyingine. Akiendelea bila masahihisho, hesabu za wanachama zinabaki wazi kwa wezi. Linux huweza kuipa mashine hiyo miaka mingine ya kazi.

(b) Gharama. Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, hupatikana bila malipo, na matoleo yake ya muda mrefu hupewa masahihisho kwa miaka mitano. LibreOffice, ya kuandikia barua na kupangia hesabu, nayo ni bure.

(c) Uhuru wa kurekebisha. Mwaka 2004 programu ya ofisi iitwayo OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice, kwa kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watafsiri hawakuhitaji kungoja hisani ya kampuni yoyote, maana leseni yenyewe iliwaruhusu.

3. Tahadhari

Bure si sawa na bila gharama. Mafunzo, muda na fundi vina bei yake. Jiji la Munich, Ujerumani, lilikata shauri kuhamia Linux, likakamilisha kazi hiyo mwaka 2013; lakini mwaka 2017 baraza lake liliamua kurudi Windows. Aidha, baadhi ya programu za uhasibu hufanya kazi katika Windows peke yake, na si kila printa hukubaliana na Linux. Chama kinachotegemea programu ya namna hiyo kisihame kabla ya kupata mbadala uliojaribiwa.

4. Hatua za kufuata

Kwanza, orodhesha kazi zote zinazofanywa na kompyuta ya chama. Pili, nakili daftari la wanachama na hesabu zote mahali pawili mbali na mashine hiyo, kisha hakikisha nakala zinafunguka. Tatu, washa Linux kutoka kwenye flashi. Mifumo mingi yaweza kujaribiwa hivyo bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta. Nne, jaribu printa, intaneti na majalada ya chama. Tano, peleka matokeo mbele ya halmashauri ili uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani anayeamua leo lini kompyuta ya chama chenu itatupwa?
2. Ni kazi ipi ya ofisi yenu ambayo haiwezi kusimama hata siku moja?
3. Katibu akiondoka, ni nani mwingine aujuaye mfumo mnaoutumia?