Damu ya kitanzi isitunyime swala

Dada zangu katika imani, yapo mambo tunayaonea haya kuyasema, na haya hiyo hutugharimu ibada zetu. Leo nasema yaliyonifika mimi ili yasimfike mwingine.

Baada ya mtoto wa tatu, mimi na mume wangu tulikubaliana nipumzike. Nikawekewa kitanzi chenye homoni, siku ya nne ya hedhi yangu. Aliyeniwekea hakunieleza lolote zaidi ya tarehe ya kurudi. Usiku ule tumbo lilinikata kama uchungu wa kuzaa unaoanza. Damu nayo, badala ya kukoma siku ya sita kama ilivyo ada yangu, ikaendelea kidogo kidogo mpaka siku ya 26. Siku zote hizo sikuswali, nikiamini nina hedhi.

Nilipomweleza mwalimu wetu wa darsa la akina mama, alishika kichwa. "Mwanangu, mbona hukuuliza?"

Tuanze na upande wa tiba. Kitanzi hiki ni kiplastiki chenye umbo la herufi T, nacho hutoa homoni kidogo kidogo ndani ya mji wa mimba. Homoni hiyo hupunguza unene wa utando wa ndani. Utando unapobadilika, damu hutoka bila mpangilio, kwa kawaida katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Baadaye hupungua, na ukitimia mwaka, takriban mwanamke mmoja kati ya watano haoni damu kabisa. Kitanzi cha shaba ni kinyume chake, kwani mara nyingi huzidisha hedhi. Maumivu hutokana na mji wa mimba kujikaza, na dawa za kutuliza maumivu husaidia.

Lakini si kila damu ni ya kuvumilia. Ukipata homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali yanayozidi, damu inayojaza pedi kila baada ya muda mfupi, au dalili za mimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimba inayotunga kitanzi kikiwa ndani huweza kuwa nje ya mji wa mimba, na hiyo huua.

Sasa tuje kwenye sheria. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, hedhi haizidi siku 15. Damu ikivuka hapo, mwanamke ana istihadha. Kama anaweza kuipambanua damu nzito na hafifu kwa masharti yake, hufuata hilo. Kama hawezi, hurejea kwenye ada yake. Yangu ilikuwa ya namna moja, kwa hiyo hedhi yangu ni siku 6 tu. Siku 20 zilizobaki nilipaswa kuswali. Zidisha mara tano: swala 100 za kulipa! Nililipa kila siku baada ya kila faradhi, nikiziandika daftarini nisije nikapoteza hesabu.

Bibi Fatima binti Abi Hubaysh alimuuliza Mtume (s.a.w.) suala hili hili, naye akamfundisha kuwa hiyo ni damu ya mshipa, wala si hedhi. Yeye hakuona haya kuuliza, sisi tunaona haya ya nini?

Mwenye istihadha huoga siku za ada yake zinapokwisha. Kisha, kila wakati wa faradhi unapoingia, hujisafisha, hufunga kitambaa au pedi, hutawadha na kuswali bila kuchelewa. Damu ikitoka katikati ya swala haimdhuru. Hufunga Ramadhani, na ni halali kwa mumewe.

Nawaomba wauguzi wamweleze mwanamke habari ya damu hii kabla hajashuka kitandani. Nanyi waume, mkeo akikaa wiki tatu haswali, usinyamaze. Muulize kwa upole, kisha mwende pamoja kwa daktari na kwa mwanachuoni.

Wabillahi tawfiq.