Mwalimu ameniachia darasa na fimbo

Shangazi, nasomea stashahada ya ualimu wa awali na sasa nipo BTP, mazoezi ya kufundisha, katika shule ya msingi nje kidogo ya Mpanda. Siku ya tatu mwalimu wa darasa, madam mmoja, alinikabidhi daftari la mahudhurio na fimbo, akaenda kufundisha darasa la tatu. Hajarudi. Watoto wanapita themanini, wengi wanakaa chini. Mmoja hajui Kiswahili, anajikojolea kila siku na wenzake wanamcheka. Nikimweleza mwalimu anajibu, "Hawa bila fimbo hawasikii." Ndiye atakayenijazia fomu ya tathmini. Nichape, nivumilie, au nirudi chuoni?
Mwanachuo, Mpanda

Mwanangu, usichape, na chuoni usirudi.

Fimbo haina mjadala. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Wewe huna karatasi hiyo. Mtoto wa miaka mitano akivimba mkono na baba yake akaja juu, aliyekupa fimbo atakuwa darasa la tatu, wewe utakuwa polisi. Mrudishie kwa adabu: "Madam, mimi mwanachuo sina kibali cha kuchapa." Hapo hujamhukumu.

Mama huyo namhurumia kidogo. Sera ya mwaka 2014 ililifanya darasa la awali kuwa la lazima, ada zikafutwa, watoto wakamiminika, huku kipimo cha watoto 25 kwa mwalimu mmoja kikibaki kwenye makaratasi. Mwalimu wa awali akionekana ana msaidizi, ofisi humvuta haraka kuziba pengo kwingine. Lakini amekukosea. Umepelekwa pale ufundishe huku unatazamwa, na fomu iliyojazwa na mtu aliyekuwa darasa jingine haina thamani kwako wala kwa chuo chako. Mwombe akae nawe kipindi cha kwanza tu cha asubuhi, uone anavyowatuliza. Mwalimu mkongwe hapendi kulaumiwa, ila akiombwa aoneshe ujuzi wake hukataa mara chache. Akikataa, nenda kwa mwalimu mkuu kabla mkufunzi wako wa chuo hajafika. Ukianza na mkufunzi, ofisi nzima itakuita mchongezi, na wiki zilizobaki zitakuwa ndefu.

Sasa huyo mtoto, maana ndiye aliyenikosesha usingizi. Mkoa wenu wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na watu wake ni mchanganyiko: Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, wafugaji wa Kisukuma waliofuata malisho, na familia za Katumba na Mishamo zilizokimbia Burundi mwaka 1972. Mtoto anaweza kufika darasani akiwa msemaji hodari kabisa, isipokuwa kwa lugha yako. Uliza kwao wanazungumza nini. Kama ni Kisukuma, mpokee na "Mwangaluka" uone uso wake. Kisha mtafute dada au kaka yake wa darasa la nne, akufundishe namna ya kumwuliza kama anataka kwenda haja.

Na kichunguze choo chenyewe. Matundu mengi ya shule zetu yalichimbwa kwa kipimo cha watoto wakubwa. Mdogo akichungulia lile giza anaona atatumbukia, heri ajikojolee. Wapeleke wote kwa makundi kabla hawajabanwa, usimame mlangoni. Kaptura ya akiba iwepo. Akilowa, abadilishwe na ndugu yake nawe ukiwa karibu, pasiwe na kujifungia na mtoto peke yako. Wanaomcheka usiwagombeze sana, wape kazi.

Kuhusu themanini hao, usihangaike na kona zote za ujifunzaji mlizochora chuoni. Chagua mbili, vifuniko vya soda vya kuhesabia na hadithi chini ya mwembe, na umwombe mwalimu mkuu mzazi mmoja wa kukaa na kundi la nje. Andalio la somo liandike hata siku lisipofuatwa, na pembeni uandike kwa nini halikufuatwa. Mkufunzi makini ataisoma hiyo pembeni kwanza.

Alama zinakutia hofu, naelewa. Lakini sijasikia chuo cha ualimu kinachomfelisha mwanachuo kwa kukataa kuchapa watoto. Kesho saa ya mapumziko, mrudishie madam fimbo yake.