Ulinzi wa Nchi na Haki ya Mtu

Serikali isiyowalinda watu wake wasiuawe haistahili jina hilo. Wala haistahili jina hilo ile inayowafunga watu wake bila kosa. Wakati wa amani kila mtu huyakubali maneno hayo mawili. Taabu huanza damu inapomwagika, na watu kulia: “Mahakama za nini? Wakamatwe wote!” Kilio hicho hutoka katika uchungu wa kweli, kisidharauliwe, bali kichunguzwe.

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu zaidi ya 200. Tangu hapo nchi zetu zimetafuta kinga katika sheria: Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, Kenya mwaka 2012. Lakini jirani zetu wa Kenya ndio waliojaribiwa zaidi, na katika majaribu yao mna somo kwetu sote. Septemba 2013 watu 67 waliuawa Westgate, Nairobi. Mwishoni mwa 2014, huko Mandera, abiria 28 wa basi, kisha wachimba mawe 36, waliuawa katika muda usiotimia wiki mbili. Tarehe 18 Desemba 2014 Bunge likapitisha, katikati ya vurugu ukumbini, mabadiliko makali ya sheria za usalama. Kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akayatia sahihi.

Shauri likapelekwa Mahakama Kuu, na tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wakatoa hukumu. Yafaa tuangalie walivyopima. Hawakuitupa sheria nzima. Waliacha, mathalani, ruhusa ya vyombo vya usalama kuingilia mawasiliano ili kuzuia ugaidi, maana waliona kwamba hatari ni ya kweli. Lakini vifungu 8 walivibatilisha. Kimoja kilimtishia kifungo, au faini ya hadi shilingi milioni 5, mtu anayechapisha habari au picha za kutia watu hofu. Kingine kiliweka kikomo cha wakimbizi 150,000, ilhali waliokuwamo nchini walizidi mara mbili ya idadi hiyo. Je, waliozidi wangerudishwa kwenye vita walivyovikimbia? Kingine kiliruhusu mashtaka kumficha mshtakiwa ushahidi hadi karibu na kusikilizwa kwa kesi. Na mtu atajiteteaje kwa jambo asilolijua?

Kutokana na hayo tushike mambo mawili.

La kwanza: sheria huadhibu tendo, haiadhibu ukoo wala dini. Aprili 2014 polisi wa Kenya waliwakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengi wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Wengi waliachiliwa bila shtaka lolote. Methali husema samaki mmoja akioza wote wameoza. Hiyo yafaa kwa samaki. Haifai kwa hakimu.

La pili: mwenye nguvu ya kukamata asiwe ndiye wa mwisho kusema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaamuru kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika saa 24. Tena yataja haki zisizoweza kupunguzwa hata kidogo, zikiwamo haki ya kutoteswa na haki ya kuhukumiwa bila upendeleo. Haki nyingine zaweza kupunguzwa, lakini kwa sheria, kwa sababu ya kweli, na kwa kipimo.

Mtu atauliza: “Je, mwezi wa Aprili mwaka huo huo wa 2015 hawakuuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Wakristo wakitengwa ili wapigwe risasi? Majaji hawakuwafunga mikono walinzi?” Swali hilo ni zito, hasa kwa wazazi. Lakini siku ile kikosi maalumu cha polisi kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi. Kilichokosekana kilikuwa wepesi wa kazi. Hakuna kifungu kati ya vile 8 ambacho kingekifikisha mapema. Tena mahakama haikushindwa kuadhibu. Mwaka 2019 washtakiwa watatu wa shambulio hilo walitiwa hatiani: mmoja alipewa kifungo cha maisha, wawili miaka 41 kila mmoja. Mshtakiwa wa nne aliachiliwa, kwa kuwa hatia yake haikuthibitika. Huo ndio mwendo wa haki.

Wala tusisahau tarehe 21 Desemba 2015. Washambuliaji walisimamisha basi katika kaunti ya Mandera, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafa mwezi uliofuata. Mtu wa namna hiyo ni ulinzi kwa jirani zake. Naye angeweza kuwa miongoni mwa waliosombwa mwaka uliotangulia, kwa ajili ya jina lake tu.

Basi, wazazi, yanapozungumzwa hayo nyumbani, msiwaache watoto waseme “wao” wakiwataja watu wa kabila zima au dini nzima. Na sheria mpya ya usalama itakapoletwa, tuulize: yamgusa mwenye hatia, au kila anayefanana naye? Na akikamatwa asiye na kosa, nani atamfungulia mlango?