Kuwapo mbele ya Mungu kila siku: somo la afya kwa familia



Huenda wengine wenu mtashangaa kuona ukurasa wa afya mwezi huu unazungumza juu ya tafakari. Mmezoea kusoma hapa habari za malaria, chanjo na lishe ya watoto. Lakini sisi wauguzi tumeona kwa miaka mingi kwamba shida nyingi zinazoletwa hospitalini huanza pale ambapo mwili wa mtu upo lakini moyo wake haupo. Mama yuko jikoni, mawazo yako kwenye deni. Baba yuko barabarani, macho yako kwenye simu. Sufuria ya maji ya moto inapinduka, kidonge kinasahaulika, mtoto anahema kwa shida na hakuna aliyemtazama. Kwa hiyo somo letu la mwezi huu ni hili: namna ya kuwapo, mbele ya Mungu na mbele ya wenzetu, katika kazi zetu za kila siku.

1. Kuwapo maana yake nini?

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, tunasoma habari za Martha na Maria. Yesu hakumlaumu Martha kwa sababu ya kupika. Alimwonyesha kwamba alikuwa akihangaika na mambo mengi kwa wakati mmoja, hata akashindwa kumwona mgeni aliyekuwa nyumbani mwake. Kazi si adui wa sala. Adui wa sala ni kutawanyika kwa moyo.

Katika karne ya 17 aliishi mjini Paris mtawa Mkarmeli aliyeitwa Ndugu Laurenti wa Ufufuko, aliyefariki mwaka 1691. Hakuwa padre wala mwalimu wa chuo. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya kupika jikoni mwa monasteri, na baadaye akashona viatu. Yeye aliona kwamba anaweza kuzungumza na Mungu kati ya vyungu kama vile kanisani. Akina mama wa Mgeta wanaoshuka na mboga kuja sokoni, na vijana wanaobeba mizigo stendi ya Msamvu, wanaweza kufanya vivyo hivyo. Njia ndefu ya mlimani ni mahali pa sala kwa anayetaka kusali.

2. Msiba wa Msamvu

Hatuwezi kuzungumza habari ya kuwa macho bila kukumbuka yaliyotupata hapa kwetu. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu. Watu walikusanyika, na wengi wakaanza kuchota petroli. Moto ukalipuka. Waliofariki walipita 100, kwa kuwa wengi walioungua walikufa siku zilizofuata, katika hospitali ya rufaa ya mkoa na huko Muhimbili. Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Zilikuwa siku za kukaribia Idi, na msiba ulikuwa wa wote, Waislamu kwa Wakristo.

Hatusemi haya kuwahukumu marehemu. Waliokufa si wote waliokuwa wakichota. Wengine walikuwa wapita njia, wengine watazamaji. Na aliyechota alisukumwa na dhiki ambayo wengi wetu tunaijua. Yesu mwenyewe, katika Luka 13, aliulizia habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Ila aliwaambia wasikilizaji wake wageuze maisha yao. Nasi tufanye hivyo: tuwaombee marehemu, kisha tujifunze.

Tujifunze nini? Kwanza, mvuke wa petroli hauonekani, ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini mpaka mbali na mahali mafuta yalipomwagika. Cheche ndogo ya injini, ya betri au ya sigara inatosha kuuwasha. Kwa hiyo kusimama mbali kidogo si usalama. Ondokeni mbali kabisa, kuelekea upande upepo unakotoka, msiwashe pikipiki hapo, na mwiteni mtoto na jirani aondoke pia.

Pili, umati una nguvu ya kumvuta mtu kabla hajafikiri. Wote wanapokimbia, miguu yetu hukimbia nao. Anayejizoeza kila siku kutulia kidogo mbele ya Mungu anajipatia nafasi ndogo kati ya kuona na kutenda. Katika nafasi hiyo anaweza kujiuliza: ninakwenda wapi, na nani ananingoja nyumbani? Nafasi hiyo haipatikani siku ya hatari kama hatukuizoea siku za kawaida.

Tatu, nguo zikishika moto usikimbie. Simama, jilaze chini, jibiringishe. Aliyeungua, ondoeni pete, bangili na nguo zisizogandamana na ngozi, kisha mmwagilieni maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa muda wa dakika 20. Msimpake dawa ya meno, mafuta, yai wala majivu. Mfunikeni kwa kitambaa safi na kumpeleka hospitali.

3. Dakika moja kando ya mtoto

Katika kazi yetu kuna jambo moja linalofanana sana na tafakari: kuhesabu pumzi za mtoto. Mtoto mwenye kikohozi, au anayehema kwa shida, anaweza kuwa na nimonia. Ili kujua, unahitaji saa, utulivu na dakika moja nzima.

Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Funua kifua chake. Hesabu kila kifua kinapoinuka, kwa dakika nzima. Anapumua haraka kupita kiasi ikiwa ni hivi:
- umri chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi;
- miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka 1: pumzi 50 au zaidi;
- mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Ukikuta hivyo, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Na kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea na haamki, usingoje kuche.

Tazameni jinsi dakika hiyo ilivyo. Huwezi kuhesabu huku unazungumza na jirani. Huwezi kuhesabu huku unasoma ujumbe kwenye simu. Unamtazama mtoto tu. Wengi husema hawajui kutafakari, lakini mama aliyehesabu pumzi za mwanawe kwa dakika nzima ameshaanza kujua. Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma kwamba Mungu alimpulizia mtu pumzi ya uhai. Anayeilinda pumzi ya mtoto anailinda zawadi ya Mungu.

4. Mpango wa siku

Asubuhi. Kabla ya kushika simu, keti kitandani, fanya ishara ya msalaba, vuta pumzi polepole mara chache na umshukuru Mungu kwa kuamka. Wenye kutumia dawa za kila siku, kama za shinikizo la damu, za kisukari au za kupunguza makali ya VVU, ziunganisheni na sala katika saa ile mliyoelekezwa na mganga. Sala ikiwa ya kila siku, dawa nayo haitasahaulika.

Mchana. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868, na baadaye kupanda hadi huku Uluguru, walituachia desturi ya kusali Malaika wa Bwana asubuhi, mchana na jioni. Mkulima akisikia kengele, alisimamisha jembe. Hata pasipo kengele, saa sita tusimame dakika mbili. Tusali, tunywe maji, tujiulize: nani aliye karibu nami ambaye sijamtazama tangu asubuhi?

Jioni. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alivunjwa mguu vitani mwaka 1521, na katika miezi ya kuuguzwa ndipo alipoanza kuuchunguza moyo wake. Alitufundisha kuipitia siku mbele ya Mungu kwa hatua tano: kushukuru, kuomba mwanga, kupitia siku tangu asubuhi, saa kwa saa, kuomba msamaha, na kuweka nia ya kesho. Dakika 10 zinatosha. Familia inaweza kuifanya pamoja baada ya chakula, kila mmoja akitaja jambo moja la shukrani. Watoto nao wasikilizwe. Mara nyingi ni hapo ndipo mtoto husema kwamba tumbo linamuuma au kwamba kuna mtu anayemtisha njiani kwenda shule.

5. Angalizo

Tafakari haichukui nafasi ya dawa. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kumheshimu mganga na kutokuzidharau dawa, maana vyote hutoka kwa Mungu, na pia kusali tukiwa wagonjwa. Sala na tiba huenda pamoja. Anayemwambia mgonjwa aache vidonge kwa sababu ameombewa anamhatarisha.

Tena, kuna huzuni isiyoondoka. Mtu akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa wiki mbili au zaidi, akaona maisha hayana maana, au akaanza kusema habari ya kufa, asiambiwe tu kwamba hana imani. Huo ni ugonjwa nao unatibika. Msimwache peke yake. Msindikizeni hospitali, nanyi endeleeni kusali naye.

6. Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo

- Ni saa gani ya siku ambapo mwili wangu upo nyumbani lakini moyo haupo?
- Katika jumuiya yetu, nani anajua kuhesabu pumzi za mtoto, na nani atawafundisha wengine?
- Gari la mafuta likipinduka leo jirani na kwetu, tumekubaliana kufanya nini, na nani atawaondoa watoto?
- Tunawaombea na kuwatembelea vipi waliobaki na makovu, wajane na yatima wa ajali za barabarani?

Wiki hii tuanze na dakika moja tu kila jioni. Anayeweza dakika moja leo ataweza dakika 10 baadaye. Bwana awe nanyi katika kazi zenu, awalinde njiani na nyumbani.