Maharage Leo, Makande Kesho
Mapishi ya nyumbani kwa vitu vya gengeni

Kijitabu hiki ni cha kila anayepika nyumbani: mama, baba, kijana aliyepanga chumba kimoja, dada anayewapikia wadogo zake. Vitu vyote vilivyomo humu vinapatikana gengeni: maharage, nazi, nyanya, vitunguu, mchicha, karanga, dagaa na ndimu. Nyumba mbili zinaweza kununua vitu hivyohivyo siku moja, huku watu wakaramba sahani na kule wakasukuma chakula pembeni. Mara nyingi tofauti yao ni haraka ya mpishi.

Kazi ya maharage huanza usiku

Chambua maharage, toa mawe na punje zilizotobolewa, osha, kisha loweka kwa maji mengi hadi asubuhi. Maji hayo yamwage, uweke mapya. Maharage yaliyolowekwa huiva mapema, nawe huokoa mkaa au gesi. Pia hayajazi tumbo gesi kama yale yaliyobandikwa makavu.

Mwanzoni yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, ndipo upunguze moto. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na moto hafifu peke yake hauiondoi. Nyanya na ndimu zisubiri hadi yalainike, maana uchachu hukaza ganda. Magadi nayo tunakushauri uyaache. Ni kweli yanalainisha haraka, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini B, na ladha yake hubaki mdomoni.

Pika mengi kidogo kuliko ya mlo mmoja. Yale ya kesho yatenge kabla ya kuunga, kwa sababu yakishatiwa nazi huchacha upesi. Yakipoa, yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kama huna friji, pika ya mchana na usiku tu, uyaache yamefunikwa juu ya makaa, na kabla ya kupakua yatokote tena.

Utamu uko kwenye kuunga

Ukiwa na nafasi ya kusoma sehemu moja tu ya kijitabu hiki, soma hii. Pasha vijiko viwili vya mafuta, tia kitunguu kilichokatwa chembamba, ukikaange kwa moto mdogo bila kukikimbiza hadi kigeuke rangi ya dhahabu. Tia kitunguu saumu kilichopondwa, koroga kidogo tu, kisipate kuungua. Sasa tia nyanya na ufunike. Zikishapondeka, funua, endelea kukoroga hadi uone mafuta yanajitenga pembeni mwa sufuria. Hiyo ndiyo dalili ya kusubiri, hata kama watoto wamekwisha kukaa mkekani. Ukimimina maji kabla ya hapo, mchuzi utabaki na uchachu wa nyanya mbichi, na hapo ndipo wengi hukimbilia viungo vya paketi kuufunika. Viungo hivyo vingi vimejaa chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani takriban kijiko kimoja cha chai.

Rojo likiwa tayari, tia maharage na tui jepesi, yachemke pamoja yashikane. Tui zito liingie mwisho, nawe ukoroge mfululizo bila kufunika ili lisikatike. Chumvi yenye madini joto tia unapokaribia kuepua, maana madini hayo hupotea yakichemshwa muda mrefu.

Mchicha wa karanga

Rojo hilohilo, bila nazi, ndilo la mchicha. Karanga zichague moja moja kabla ya kuzikaanga na kuzitwanga. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au iliyo chungu, itupe bila huruma. Kuvu huzaa sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yaliyoingia sumu hiyo, na mwaka 2016 ilileta vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Afadhali karanga chache safi kuliko bakuli zima la mashaka.

Unga wa karanga uvuruge kwa maji, uumimine kwenye rojo, ukoroge kwa dakika 10 usishike chini. Mchicha uoshe kabla ya kuukata ili vitamini zake zisiende na maji, uutie mwisho. Dakika 3 hadi 5 zinautosha.

Dagaa na ndimu

Dagaa wa Mwanza huwa na mchanga kwa sababu wengi huanikwa chini. Toa vichwa, waoshe kwa maji ya moto, rudia hadi uone maji ni safi. Wakaange wakauke, ndipo uwatie kwenye rojo lenye pilipili hoho. Huliwa na mifupa yao, na mifupa hiyo ina kalsiamu tele. Ndimu ikamulie ukishaepua. Mbali na kukata shombo, vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Chai hufanya kinyume chake, basi ingoje saa moja baada ya kula, hasa kwa mjamzito.

Yale ya kesho

Maharage uliyoyatenga yachanganye na mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa yakalainika, uunge kwa rojo letu: hayo ni makande, chakula cha Wapare na Wasambaa ambacho siku hizi kinapikwa kila mahali. Kenya wana githeri, ndugu yake. Protini ya mahindi peke yake ina pengo, na maharage hulijaza, ndiyo maana sahani hii hushibisha vizuri bila nyama. Mtoto aliyetimiza miezi 6 mtolee maharage yaliyoiva kabla hujatia chumvi, uyaponde yawe laini, ukizidi kumnyonyesha. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5, zinaweza kumkaba, zitwange.